Jogoo wa Kuikomboa Julai

Stendi ya Handeni
Jumapili, 9 Juni 2024

Mtani wangu Hosiana,

Hapana, sijaipoteza. Na wala sijafungia maandazi, kama ulivyoniuliza kwenye kile kikaratasi alichonipa Loyce muuza machungwa. Yaani umeniandikia swali moja tu, salamu hakuna, kama karani wa mahakama. Haya, mimi mwenye adabu nasema pole tena kwa msiba wa Mzee Elisha, wa hapo nyumbani hawajambo? Kuku je, hawajambo? Sasa nakujibu.

Picha niliichukua mimi, mchana kweupe, kwa haki ya utani. Wazigua na Wasambaa tukizikana ndivyo tunavyofanya, hatukuanza na wewe. Nilifika Mashewa na wenzangu wa Sindeni, nikalala mlangoni nikazuia watu kupita, nikamwambia marehemu aache uvivu, aamke akalime. Watu walicheka, hata mchungaji alificha mdomo kwenye Biblia. Halafu nikaingia sebuleni, nikabandua kalenda ya ukutani, ile uliyochora nyuma yake, nikatangaza: "Hii nimeiteka. Anayeitaka aje na jogoo."

Mjomba wako alinisikia vizuri. Nikasubiri jogoo siku tatu, nikaletewa chai. Siku ya kuanua matanga nikauliza tena, nikaletewa chai nyingine, hii haina hata sukari. Na sheria unaijua. Kitu cha mtani kisipokombolewa mpaka matanga yanaanuliwa, ni cha mtani. Kwa hiyo hilo neno "mwizi" ulilopigia mstari chini, lifute.

Picha iko mahali pa heshima. Imewekwa kwenye fremu, ina kioo, inafutwa vumbi kila asubuhi. Watu wanavua viatu kabla ya kuiona. Wewe mwenyewe uliwahi kuvuliwa viatu na nani?

Mimi niko vilevile, chaja shingoni, spika mkononi, napanda basi hili nashuka lile. Simu yako haipatikani tangu mazishi, ndiyo maana unaniona nashika peni. Shule niliiacha darasa la nne, ukikuta herufi zinatembea upande upande zivumilie, zimechoka na safari.

Bibi yangu Swaumu anakusalimia sana. Nimempelekea godoro jipya, nene mpaka akikaa miguu inaning'inia. Anasema mgongo wake unamuuliza kila asubuhi, "Tumehamia wapi?"

Mtani wako,
Mbaruku


Mashewa
14 Juni 2024

Mbaruku,

Simu niliisahau kwenye koti la baba, na koti alipewa mjomba wa Lushoto. Mpaka nilipokumbuka, watoto wake walikuwa wameshaipasua. Huna haja ya kunitungia sababu nyingine.

Ulipokuwa unalala mlangoni nilikuwa ndani na wanawake, nimefunikwa kitenge kichwani. Sikukuona wala sikusikia habari ya jogoo. Mjomba alidhani umechukua kalenda ya zamani, takataka. Angeniambia, ningekuletea jogoo na mama yake.

Sikiliza nikueleze, maana sidhani umewahi kuitazama zaidi ya ulivyoipima ukubwa. Ni hadithi moja, karatasi kumi na mbili. Nchi yao mto huhama. Kila mwaka unaamka siku moja unakwenda kulala kwingine, na watu wanaufuata, kila mmoja nyumba yake mgongoni. Karatasi ya Januari wanagundua mto umeondoka. Desemba, kama nitafika, watakunywa. Wewe umechukua Julai. Hapo wamekamata kamba moja ndefu kuvuka bonde, watu mia mbili na kumi na mbili, na kamba inaishia ukingoni mwa karatasi. Agosti inabidi ianzie pale pale, mkono kwa mkono. Nina Agosti mbele yangu tangu Mei, na sijui ni mkono wa nani uliokuwa wa mwisho.

Baba ndiye aliyekuwa akizibandika. Kila ninapomaliza moja anaipiga gundi ukutani, anaibandua ya nyuma na kuiweka chini ya godoro lake. Hiyo Julai ni ya mwisho aliyoibandika.

Iko kwa nani? Nani anaiona? Popote ilipo, isitundikwe Handeni, na Sindeni ndiyo kabisa. Usiniulize kwa nini. Irudishe tu.

Hosiana


Handeni
20 Juni 2024

Mtani,

Sasa na wewe unaniambia isitundikwe Handeni wakati imeshatundikwa. Ungeniambia kabla ya kufa baba yako. Samahani, huo ni utani mbaya, lakini peni haina raba.

Nakwambia ukweli kwa kuwa umenitajia godoro la mzee na mimi nikajisikia vibaya. Aliyenayo ni Mzee Semboja, mganga, yule mwenye nyumba ya bati jekundu njia ya kwenda Sindeni. Ana chumba cha kusubiria, kuta tupu, wagonjwa wanaangalia mijusi. Nikamwambia, "Mzee, hapa panahitaji kitu." Akaniuliza mchoraji ni nani. Ningemwambia ni Msambaa mmoja wa Mashewa anayechora nyuma ya kalenda, angenipa nini? Nikamwambia mchoraji ni mtu asiyejulikana, anaona tusiyoyaona, na yote aliyoyachora humo yapo. Maneno ya biashara tu. Mimi nikiuza chaja nasema imetoka Japani, na wewe unajua imetoka Kariakoo.

Akanipa godoro jipya aliloletewa na mgonjwa. Sikutia kitu mfukoni, nakuapia. Ndilo hilo la Bibi. Wewe uliwahi kulala kwenye kile kitanda chake cha kamba, ile miezi uliyokuja kuvuna mahindi ukaugua. Unakijua. Kinamtafuna mtu kama kina meno.

Lakini kwa nini hutaki Handeni? Nauliza kwa sababu kuna kitu kidogo. Juzi Bibi ameweka ndoo yake kwenye foleni ya kisimani, akasogea kivulini. Kurudi akakuta ndoo zote zimesogezwa mbele, yake imebaki peke yake nyuma kama ina ukoma. Mashavu, jirani yake wa mlango kwa mlango, hakumwitikia salamu. Nikamwambia, "Bibi, watu wanaona wivu wa godoro." Akasema, "Mume wangu, wivu hauhamishi ndoo."

Nimecheka. Lakini nimekuuliza.

Mbaruku


Mashewa
25 Juni 2024

Mbaruku,

Nimempa Loyce barua hii aifikishe leo hii hii, hata kama ni kwa kumwomba dereva.

Mwanamke aliye mbele ya kamba, kwenye Julai, ni Bibi Swaumu. Ni uso wake, na ile alama ya kuungua kwenye shavu la kushoto. Amekaa juu ya fisi. Mkononi ana ungo.

Unakumbuka nilipougua kwake. Jioni moja, jua linazama, alikuwa anapepeta mahindi mlangoni na mimi nimelala kwenye mkeka. Fisi akaja mpaka kwenye zizi la mbuzi. Bibi hakupiga kelele. Alikwenda na ungo wake mkononi, akampiga nao puani, akamwambia, "Mjukuu gani wewe usiyepiga hodi?" Yule mnyama alisimama, akamtazama kama mtu aliyeaibishwa, akageuka akaondoka. Nilicheka mpaka homa ikashuka. Siku ile ndiyo nilijua malkia wangu ni nani. Mwanamke ambaye fisi anamwonea haya, huyo ndiye wa kuwaongoza watu kwenye maji.

Nilijua watu wanasema nini. Mimi si mgeni wa nchi hii. Hata kwetu milimani, mtu akikaa juu ya fisi na kushika ungo, hakuna anayeuliza anakwenda wapi. Nikajiambia huu ni ukuta wa baba, nani atakuja. Wewe kosa lako ni kuitoa. Langu ni kuichora nikijua, na kunyamaza barua iliyopita kwa kuona aibu.

Nenda kaichukue. Acha chaja, nenda sasa.

Hosiana


Sindeni
3 Julai 2024

Hosiana,

Bibi hayupo.

Barua yako ilinifikia juzi tu, nikaenda kwa Semboja siku hiyo hiyo. Chumba kimejaa. Kioo cha picha kina alama za vidole, zote mahali pamoja, pale usoni kwake. Mama mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake: "Si unaona shavu? Mtoto wangu alianza kukonda siku aliyompa muwa." Nikasema naitaka picha yangu. Semboja akanishika bega kwa upole, akasema mbele ya wote, "Mjukuu wangu, si wewe uliyeniambia yote yaliyochorwa humu yapo?"

Nikatoka kinyumenyume. Mimi. Nimewahi kumuuzia mtu chaja ya simu ambayo hana.

Nikakimbia Sindeni. Nikakuta juzi yake palikuwa na kikao, Bibi ameitwa, ameulizwa fisi wake anamfuga wapi. Nimeambiwa aliwajibu, "Nendeni mkamuulize aliyemchora," akajitanda kanga akatoka. Mlango niliukuta wazi. Godoro liko nje uwanjani, amelikunja vizuri, amelifunga kwa kamba kama mzigo wa kurudishwa dukani. Kitanda cha kamba kimetandikwa.

Nimezunguka shambani, nimekwenda bondeni, nimekwenda kwa ndugu zake Kabuku. Nilijaribu kuwatania wale vijana wa kikao ili waniambie ameelekea wapi. Hakuna aliyecheka. Sijawahi kusema neno Sindeni pasiwe na mtu wa kucheka.

Wewe unayechora nchi yenye njia zote, niambie nimtafute wapi.

Mbaruku


Mashewa
5 Julai 2024

Mbaruku,

Yupo hapa. Kaa chini kwanza, halafu endelea kusoma.

Alifika Jumatatu na basi la mchana, ana kifurushi kimoja na kuku kwenye kapu. Aliuliza njia kuanzia Korogwe kwa kusema, "Natafuta Msambaa anayechora." Hakukaa. Alisimama mlangoni akaniambia, "Hosiana, mimi nilikupikia uji. Kwa nini umenipandisha kwenye mnyama yule?"

Nikamweleza. Akasema, "Nionyeshe."

Nilizitandaza sakafuni, Januari mpaka Juni. Alizipita kwa magoti, siku mbili, anasimama kula na kuswali tu. Aliniuliza jina la kila mtu. Aliuliza kwa nini yule mwenye nyumba ya majani analia, nikamwambia ameacha mbegu nyuma. Alipofika Juni aliifuata njia ya watu kwa kidole, halafu akasema, "Kumbe nawapeleka kwenye maji."

Nikasema ndiyo.

"Na hao wa kisimani wameliona hili?"

Nikasema hapana, Bibi, wao wameona Julai peke yake.

Akasema, "Basi wameona mtu anapita dirishani, wakasema mwizi."

Sasa kuna jambo sijakwambia, na nilitaka nilifiche mpaka nife. Mtazame fisi. Kila mtu amemtazama aliyepanda, hakuna aliyemtazama aliyepandwa. Jino la mbele la juu limevunjika nusu. Hizo zinazoning'inia shingoni, ambazo nasikia Semboja anawaambia watu ni hirizi, ni waya za chaja. Nilihesabu, ziko tisa. Ni wewe, Mbaruku. Nilikuwa nakutania. Nilijisemea siku moja ukija Mashewa utajiona mwenyewe, unamtumikia bibi yako kwa mara ya kwanza.

Neno la mtani halina kesi, hilo mnalijua Wazigua kuliko sisi. Lakini wewe uliwaficha kwamba mtani ndiye aliyechora. Ukafanya utani wangu uonekane ushahidi. Rudi pale kwa Semboja siku kumejaa watu. Sema ni Msambaa amechora. Sema ulidanganya. Halafu fungua mdomo.

Hosiana


Handeni
15 Julai 2024

Mtani, wewe ni mtu mbaya na nitakulipa siku nyingine.

Nilikwenda Jumamosi. Wagonjwa walikuwa mpaka nje. Nikaingia na chaja zangu zote shingoni, nikasimama kando ya picha. Nikasema, "Jamani, mimi ni mwongo." Mzee mmoja akasema, "Hilo tunalijua, endelea."

Nikasema picha imechorwa Mashewa na Msambaa, mwanamke, tena nyuma ya kalenda, geuzeni mtaona Julai na sikukuu zake. Nikasema niliiteka matangani, haikukombolewa, nikaipamba kwa uongo ili nipate godoro. Halafu nikainama pale kwa fisi, shavu kwa shavu, nikafungua mdomo.

Nilisikia mtoto anakohoa. Kumbe Mashavu alikuwepo, amekuja na mguu wake unaovimba. Akasogea, akavaa miwani, akatazama fisi, akanitazama mimi, akasema, "Hilo jino ni la Mbaruku. Alilivunjia soda kwenye harusi yangu."

Basi akaanza yeye kucheka, anashika mguu. Wakafuata wengine. Mmoja akasema, "Hirizi gani, hii si ndiyo chaja aliyoniuzia ikaungua?" Nilicheka na mimi, nikadhani yameisha.

Semboja akangoja wamalize. Akasema taratibu, "Fisi akikiri kwamba ni fisi, bado ni fisi." Na kuna mtu nyuma, sikumwona uso, akasema, "Kumbe wako wawili." Hakuwa anatania. Kicheko kikapungua, si kuisha, kikapungua.

Lakini wengi wamecheka, Hosiana. Picha imeshakuwa kichekesho, sasa watu wanakuja kwa Semboja kunitazama mimi, si kutibiwa, na yeye amekasirika. Stendi nzima naitwa Fisi. Makondakta wananipigia mluzi. Mashavu amesema mbele za watu ndoo ya Bibi itakuwa ya kwanza kwenye foleni mwezi mzima.

Msomee Bibi barua hii. Mwambie arudi. Mwambie nitamlipia nauli na nitambeba kutoka kituoni mpaka mlangoni, mgongoni, si ndiyo kazi yangu.

Fisi


Mashewa
22 Julai 2024

Mbaruku,

Nimemsomea mara mbili. Yanayofuata ni maneno yake, mimi naandika tu.

"Mume wangu, shikamoo yako nimeipokea japo hukuitoa.

"Nimefurahi umefungua mdomo mbele za watu bila kuuza kitu. Hiyo ni mara ya kwanza tangu mama yako akuzae. Lakini sirudi. Mashavu nimemzalisha watoto wawili kwa mikono hii, akasogeza ndoo. Leo amecheka, anasema niwe wa kwanza. Kesho mtoto wa mtu ataugua, watakumbuka tena fisi na ungo, na siku hiyo jino lako halitanisaidia. Mtu akishaulizwa fisi wake anamfuga wapi, hilo swali haliondoki kijijini. Linalala tu.

"Kuhusu godoro. Umeniuza kwa godoro, mume wangu, hukujua, nakusamehe. Linaloniuma ni kwamba nililala vizuri. Wiki tatu nilikuwa nawaombea dua wewe na aliyelitengeneza.

"Usije kunichukua. Hapa nina kazi. Huyu Msambaa hajui kuchora mtu anayepepeta, alinishikisha ungo kama sahani ya harusi. Namfundisha."

Mwisho wa maneno yake. Sasa langu. Nilitaka kuianza Julai upya, kwa kukumbuka, na kumshusha. Nilimwambia nitamweka kwenye kiti, au atembee kwa miguu. Aliniwekea kidole juu ya karatasi. "Usinishushe," akasema. "Walinitaka nishuke. Niache nimkalie."

Lakini siwezi kuichora kwa kukumbuka. Ule mkono wa mwisho wa kamba sijaupata. Kila ninaouchora ni mkono wa baba, na baba hakuwemo.

Hosiana


Sindeni
31 Julai 2024

Mtani wangu Hosiana, na Bibi unayesomewa, shikamoo. Hii nimeitoa mwenyewe.

Ninayo. Semboja aliniita jana, akasema nimrudishie godoro lake nichukue fisi wangu, wagonjwa hawamwogopi tena, wanamwuliza kama anauza chaja. Nililipeleka kichwani kutoka Sindeni mpaka kwenye bati jekundu. Watu njiani walisimama kutazama fisi amebeba godoro. Nikapita.

Nimekitoa kioo. Karatasi ni nzima. Uso wa Bibi haukuguswa, vidole vyote vilibaki kwenye kioo. Nimeitazama leo kutwa, sikwenda stendi. Hosiana, sikuwa nimewahi kuitazama. Kuna mtu amebeba nyumba yake na ndani ya dirisha kuna paka. Kuna mtoto amelala kwenye mlango. Hata moshi wa jiko wameubeba. Na mkono wa mwisho wa kamba nimeuona: ni wa mwanamke, umevaa bangili ya shanga, kidole cha mwisho hakijakunjika. Nakuandikia ili usingoje.

Bibi, nyumba yako nimehamia mimi. Nalala kwenye kile kitanda cha kamba, na sasa najua. Mlango naufunga, paa sijaona mtu wa kuligusa. Lakini uko sahihi. Nimekuta majivu yamemwagwa kizingitini mara mbili, na aliyeyamwaga sijui ni nani. Mashavu ananiletea mboga, anauliza utarudi lini, halafu anaangalia chini. Kwa hiyo sisemi tena rudi.

Nasema biashara. Ndiyo kazi ninayoijua, na safari hii nakupeni mali bila kuipamba.

Hosiana, matanga ya Mzee Elisha hayajaanuliwa vizuri. Mlinipa chai, na chai haikomboi kitu. Jumamosi hii nitakuwa Korogwe, kwenye meza ya machungwa ya Loyce, saa nne asubuhi, na Julai nimeikunja kwenye bomba la plastiki ili isipate mkunjo. Uje na jogoo. Awe jogoo kweli, asiwe kifaranga mwenye majivuno. Unikomboe mbele ya watu, kwa sauti, na unitukane matusi yote ya utani unayoyajua, uanze na jino. Nikikujibu hata neno moja, jogoo na picha vyote vyako.

Jogoo simli mimi. Atarudi na wewe Mashewa, akae na yule kuku wa Bibi aliyesafiri kwenye kapu.

Na mimi nataka vitu viwili. Kwanza, kuanzia Agosti mpaka Desemba, fisi awe mimi yule yule, na Bibi asishuke mgongoni hata karatasi moja, bonde au mlima, mpaka watu wote wamekunywa. Nikichoka nichore nimechoka. Pili, siku Bibi mwenyewe akisema, "Mume wangu, inatosha, nishushe," hiyo ndiyo siku utakayonichora mtu.

Kama mmekubali, mpeni Loyce unyoya wa jogoo aniletee na basi la Ijumaa. Kama mmekataa, mpeni chungwa bovu, nitaelewa, na Julai nitaileta hivyo hivyo.

Wenu wa mgongoni,
Mbaruku